Treni ya Fundi Lifti

Alimkuta amepiga magoti katikati ya chumba kidogo, futi ya chuma mkononi, anapima sakafu.

Bi Pazia akasimama mlangoni na mzigo wa vitambaa begani. Mumewe hakuwa amemsikia akiingia. Aliivuta ile futi kutoka ukuta wa dirisha mpaka ukuta wa mlango, akanong'ona hesabu zake, akaivuta tena upande wa pili. Alipogeuka akakutana na miguu ya mkewe mbele ya pua yake. Futi ikamponyoka, ikajikunja yenyewe, chwaaa!

"Umerudi mapema," akasema.

"Nimerudi saa zangu za kila siku. Unapima nini?"

"Ah, nilikuwa naangalia tu."

"Kuangalia hakuhitaji futi, Fundi."

Mwanaume akainuka, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. Yangepata wapi vumbi? Chumba kile kilikuwa kisafi kuliko sahani ya mgeni. Kuta nyeupe, kigoda kimoja, na dirishani pazia la manjano ambalo Bi Pazia alilishona mwezi wa kwanza wa ndoa yao, kabla hata ya kushona la chumbani kwao. Pindo lake alilikunja refu, la kuweza kuachiwa baadaye, maana kitambaa cha chumba cha mtoto hufuliwa mara kwa mara na hurudi. Sasa ulikuwa mwaka wa nne. Pindo halijaachiwa, na pazia halijarudi hata kidogo. Daktari aliwapima wote wawili, akawaambia hana cha kutibu, wasubiri. Ni rahisi kumwambia mtu asubiri ukiwa umevaa koti jeupe.

"Mama kapiga simu," Fundi akaanza, macho yake yakiwa kwenye kitasa cha mlango. "Mdogo wangu anarudi na mkewe. Wanakitaka chumba cha uani. Jumamosi kiwe wazi."

"Na treni?"

"Ndiyo hiyo sasa."

Tuelewane kuhusu hii treni. Wapo wanaume ambao Jumapili huwakuti nyumbani, na wake zao hawajui wako wapi. Wa Bi Pazia alijulikana. Alikuwa uani kwa mama yake, ameinamia ubao wenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili, na juu ya ubao huo mji mzima: reli nyembamba kama kamba za viatu, stesheni, daraja, handaki lililochimbwa kwenye mlima wa karatasi na gundi, nyumba za kadibodi zenye madirisha, na kichwa cha treni kinachotoshea kiganjani kikivuta mabehewa matano. Aliuanza tangu ujana wake. Kazini alikuwa fundi lifti. Wiki nzima anapandisha na kushusha watu wasiomjua hata sura, na Jumapili anaendesha treni isiyobeba mtu. Mkewe aliiona mara mbili tatu tu, kwa kupita, akatabasamu, akamwachia starehe yake.

"Umeona pa kuiweka?" akauliza, ingawa jibu alikuwa amelishika tangu alipofika mlangoni.

"Nimezunguka nyumba nzima. Sebuleni kuna cherehani yako na meza ya kukatia. Chumbani kwetu, nikitaka kufungua kabati lazima wewe uinue miguu. Kibarazani mvua inaingia. Kwa hiyo nikawaza..."

"Ukawaza."

"Kwa muda tu, Bi Pazia. Mpaka..."

"Mpaka nini?"

Fundi akaligeukia dirisha.

"Malizia basi. Mpaka nini?"

"Mpaka chumba kihitajike."

Yule mwanamke akautua mzigo wake polepole. Sauti ilimtoka kavu. "Kama umekata tamaa, niambie nisikie kwa masikio yangu. Usinipitishie kwenye reli."

"Nani kasema nimekata tamaa?"

"Mtu hapimi chumba cha mwanawe kwa ajili ya midoli!"

"Si midoli ile."

"Ni nini basi? Inabeba nani? Inakwenda wapi? Miaka yote inazunguka, inarudi palepale!"

Neno hilo lilimwingia. Bi Pazia aliliona likimwingia, na lau angeweza kulirudisha mdomoni angelirudisha. Lakini Fundi naye alikuwa na yake ya kutema, na hasira ikimpanda mtu mpole haijui pa kushukia.

"Na wewe je? Chumba hiki umekifanya kaburi. Unaingia unanyata, unatoka macho mekundu. Kuongea kwa sauti humu ni mwiko, kuweka hata kiti ni mwiko. Nilioa mke mimi, sikuoa chumba!"

Chini huko mtaani mtu alipiga honi, mwingine akamtukana, wakajibizana, wakaachana.

"Kumbe," akasema Bi Pazia.

"Sikukusudia..."

"Umekusudia. Basi nisikilize. Treni yako haitalala humu, maadamu mimi napumua."

Fundi akaiokota futi yake. Angepiga kelele ingekuwa nafuu, hakupiga. "Sawa," akasema. "Yupo mwenye duka anayekitaka kichwa cha treni na mabehewa. Jumamosi nitazing'oa reli nimpe vyote. Ubao nitautupa. Yameisha."

Akampita pale mlangoni kwa ubavu, asimguse hata kwa kiwiko, katika mlango ambao siku zote wakipishana lazima mmoja ambusu mwenzake.

Bi Pazia alikuwa ameshinda. Ushindi wenyewe aliula na chakula cha jioni, haukuwa na ladha.

"Naomba chumvi, tafadhali."

"Chumvi hii, karibu."

"Ahsante sana."

Mke na mume wakianza kuambiana tafadhali na ahsante sana, ujue nyumba inaungua.

*

Kesho yake ilimlazimu kwenda kwa mama mkwe. Si kwa kupenda. Mapazia ya hicho chumba cha uani, cha shemeji yake na mkewe wanaorudi, yeye ndiye aliyeombwa kuyashona, na dirisha lilikuwa halijapimwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona uso umevimba?"

"Mafua."

"Mafua," akarudia mama mkwe, akimtazama kama alivyowatazama wagonjwa wake. Alikuwa mkunga mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa ule; watu wazima wenye ndevu humwamkia kwa aibu kwa kuwa aliwahi kuwachapa makalio siku ya kwanza. Mwanamke kama huyo kukosa mjukuu, na yeye aliwapokea wa kila mtu! Hakupata kumlaumu mkwe wake. Lakini macho hayana pazia.

"Mwanangu kanipigia," akasema wakielekea uani. "Eti anatoa treni yake. Nimemwambia afanye haraka. Na kama alikuwa na wazo la kuliingiza lile dubwana chumba cha mtoto, nimemkatalia kabla hajasema. Chumba cha mtoto hakitiwi mazagazaga."

"Nami nimemkatalia, Mama."

"Vyema. Zile Jumapili zote angekaa kwake na mkewe, huenda..." Akajikatiza. Lakini neno likishatoka nusu, nusu iliyobaki huifuata yenyewe.

Bi Pazia akainama kutafuta futi kwenye mkoba, apate pa kuuficha uso.

Chumba cha uani kilikuwa na giza. Mama mkwe akapapasa ukutani kutafuta swichi ya taa, akabonyeza iliyo pembeni yake, na badala ya chumba kuwaka ukawaka mji. Taa za stesheni moja moja, taa ya handaki, kisha kichwa cha treni kikaguna na kuanza safari, mabehewa yakifuata nyuma yake kwa utiifu.

"Haya, nimelichokoza," akasema mama mkwe. "Subiri nizime."

"Acha kidogo, Mama."

Kwa nini alisema hivyo, mwenyewe hakujua. Alisogea. Treni ikavuka daraja, ikapita nyuma ya safu ya majengo ya kadibodi, na macho yake yakaganda kwenye jengo la mwisho, ukingoni kabisa mwa ubao. Jengo la ghorofa nne. Lenye ngazi upande wa nje na lisilo na lifti.

Kwao.

Hapo ndipo pa kucheka kama una moyo: fundi lifti aishiye ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti, anayerudi kila jioni akihema ngazi kwa ngazi na mkoba wa spana. Jirani zao hawachoki kumtania. Lakini Bi Pazia hakucheka. Alipiga magoti, pua yake ikakaribia madirisha.

Dirisha la kwanza la ghorofa ya nne lilikuwa na pazia, kipande kisichozidi ukucha, cha buluu chenye mistari myeupe. Alikitambua kitambaa kile kabla akili haijamwambia anakitambua. Ndicho alichokuwa amekikumbatia siku ile alipokwenda kutundika mapazia katika ofisi moja, akaingia kwenye lifti, na lifti ikasimama katikati ya ghorofa na giza likaingia. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha, nje ya ile milango ya chuma, sauti ya mwanaume asiyemjua, tulivu kama ya mtu anayezungumza na kitoto: "Dada, usiogope. Imekwama tu, haijaanguka. Lifti ikihisi hatari hujifunga breki, ikasubiri fundi. Nami nipo hapa, siondoki." Akaongea naye muda wote akifungua. Milango ilipoachana, alimkuta amejiviringisha vitambaa mwili mzima. Akamwambia, "Karibu duniani, Bi Pazia." Jina likamganda mpaka leo, na mtoa jina naye.

Kumbe siku ile aliokota kipande!

Dirisha la pili lilikuwa giza, ndipo wanapolala. La tatu, dogo, lilikuwa na pazia la manjano. Na nyuma ya lile la manjano iliwaka taa. Katika jengo zima, madirisha yote ya ghorofa zote, ilikuwa inawaka taa hiyo moja.

"Mama." Alinyoosha kidole. "Hii taa ya huku mwisho, aliiweka lini?"

"Ile? Si ndiyo iliyomkalisha hapa Jumapili iliyopita, chakula kikapoa! Nikamwambia, mwanangu, taa si umejaza stesheni nzima? Akaniambia, 'Mama, hizo ni za treni. Hii ina waya wake. Hata nikizima kila kitu, yenyewe haizimiki.' Mimi nikaona ni ujinga wake wa siku zote." Mama mkwe akabonyeza swichi. Stesheni ikafa, treni ikasimama darajani, chumba kikarudi gizani. Lile dirisha la manjano likabaki linawaka. "Unaona? Anakula umeme wangu bure."

Bi Pazia akajiinamia pale pale sakafuni akalia. Alilia kwa kwikwi, bila haya, mkono mmoja umeshika ukingo wa ubao.

"Jamani, mkwe! Usilie. Kesho linatoka, limeisha."

"Silii hilo, Mama. Nilimwambia amekata tamaa."

Yule mama akatazama dirisha, akamtazama mkwe wake, akalitazama tena dirisha. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Taratibu, magoti yakimlia, akaketi sakafuni karibu naye.

"Na mimi nimesema vibaya pale mlangoni," akasema. "Mdomo huu umezoea kuamrisha wanawake wasukume. Nisikilize, mwanangu. Nimepokea watoto waliokuja haraka, na waliochelewa mpaka watu wakasahau kuwangoja. Sijaona hata mmoja aliyekuja kwa sababu bibi yake alinung'unika."

Bi Pazia akacheka na machozi yake. Lakini alipokuwa anapima dirisha, moyo ulikuwa umegawanyika pande mbili. Hakutaka tena kumnyima mumewe treni yake, angemnyimaje sasa? Na bado, kila alipouwaza ule ubao umekijaza chumba kidogo ukuta kwa ukuta, pasibaki hata pa kutandika mkeka, alijikuta akilipima dirisha upya. Chumba kilichozibwa hakingojei mtu. Alivitaka vyote viwili, na sakafu ilikuwa moja.

Jioni alimsubiri mumewe ili amwambie. Fundi akapiga simu: lifti ya hospitali imegoma, asimngoje. Alipoamka asubuhi alikuta upande wa pili wa kitanda umelaliwa na umeshapoa. Mtu wake alikuwa ametangulia na bisibisi zake.

*

Angemfuata pale pale, lakini alikuwa na ahadi kwa daktari wa meno, mwanamke aliyelipia pazia la kukunja na aliyezoea kuwaambia watu wasifunge mdomo. Bi Pazia alitundika haraka haraka, akapitisha kamba kwenye vikapi, vile vigurudumu vidogo vya juu, akajaribu. Alivuta. Pazia likajikunja kunjo kwa kunjo, likapanda, likatulia juu kabisa. Dirisha likawa jeupe, kana kwamba halijawahi kuwa na pazia.

"Na nikilitaka?" akauliza daktari.

"Unalishusha. Ukimaliza, unalipandisha. Halikuzuii kitu huku chini, linakaa zake juu..."

Akaishia hapo, kamba mkononi, mdomo wazi mpaka daktari akayahesabu meno yake.

"Umeona nini?"

"Nimeona ujinga wangu, dada! Wa kwangu na wa mume wangu!" Alishateremka ngazi. "Nitarudi Jumatatu kumalizia!"

Huyo, mbio. Kamba ya akiba na kapi moja vilibaki kiganjani mwake, na njia nzima watu walimpisha mwanamke anayekimbia na kamba.

Alimkuta Fundi uani, ameupa mlango mgongo. Kichwa cha treni na mabehewa vilikuwa vimeshafungwa kwenye magazeti. Kona moja ya reli ilikuwa imeng'olewa, imelazwa pembeni. Aliing'oa taratibu, skrubu kwa skrubu, kwa namna mtu anavyomvua viatu aliyelala.

"Weka hiyo bisibisi chini."

Hakugeuka. "Mwenye duka anakuja sasa hivi."

"Atakuta umebadili mawazo. Fundi, nitazame."

Akageuka. Macho yao yakakutana, mara ya kwanza tangu ile jioni ya chumba kidogo, na Bi Pazia akaona jinsi yalivyochoka, na alivyoyakosa. Akatamani amshike uso kwa mikono miwili. Alianza na maswali.

"Kazi yako nini?"

"Mke wangu, si wakati wa..."

"Kazi yako nini?"

"Fundi lifti."

"Unafanya nini kutwa?"

"Napandisha vitu. Nashusha vitu."

"Na mimi?"

"Unashona mapazia."

"Mapazia yanafanya nini?"

Bi Pazia akainua mkono, akaachia ile kamba ining'inie, kapi likizunguka mwishoni. Mumewe akaitazama kamba. Akaitazama dari. Akautazama ubao. Kinyozi hajinyoi, ndugu zanguni; lakini ukimwekea kioo mbele hujiona. Uso wa yule mwanaume ulifunguka kidogo kidogo, mpaka akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Dari yetu ni ya zege," akanong'ona.

"Ni ya zege."

"Bolti nne. Kamba za chuma. Uzito wa kusawazisha nyuma ya mlango, mtoto mdogo angeweza kuivuta kwa kidole..." Akakwama kwenye neno hilo, akaogopa amelikanyaga.

"Mtoto mdogo angeweza kuivuta," Bi Pazia akamjibu, asiogope. "Tumegombea sakafu, wewe na mimi! Watu wazima, kazi yetu ni juu, tumeumizana kwa ajili ya chini."

"Haiwezekani!" Mama mkwe alikuwa mlangoni, na sinia la chai. "Mnataka kuning'iniza mlima na stesheni juu ya kichwa cha mjukuu wangu? Lianguke?"

"Mama, lifti haianguki."

"Na ile ya hospitali jana?"

"Ilikwama, Mama. Kukwama ni kitu kingine. Ikikwama maana yake imejishika."

Alipolisema hilo, sauti yake ilishuka, na alikuwa hamtazami tena mama yake.

Bi Pazia akasogea. "Liseme tena. Niambie mimi, kama siku ile."

Fundi akaiacha bisibisi ianguke ovyo. "Tumekwama tu, Bi Pazia," akasema. "Hatujaanguka. Na mimi siondoki."

Akamkumbatia mbele ya mama yake, reli zikiwachoma mapajani, na hakuna aliyejali. "Nisamehe neno la kaburi," akamwambia sikioni. "Nilikuwa naogopa. Ukiingia mle peke yako, mimi nabaki nje sijui nikufuate au nikuache. Nikaona heri na mimi niwe na sababu ya kuingia."

"Nifuate," akasema. "Na mimi nisamehe la midoli. Nimeliona dirisha."

"Dirisha gani?"

"Usinifanye mtoto. La manjano."

Fundi akaona haya mpaka masikio. Mama mkwe akalitua sinia juu ya stesheni, maana hapakuwa na pengine, akasema huyo mwenye duka akija yeye ndiye atakayemfukuza.

*

Iliwachukua siku kadhaa. Wenzake Fundi wa kazini walipandisha ubao kwa ngazi, nusu moja kisha ya pili, wakitukana ghorofa zote nne na kumuuliza lini atawawekea lifti. Bolti zikaingia kwenye zege, kamba za chuma zikapita kwenye makapi, breki ikafungwa, kisha breki ya breki. Na Bi Pazia, aliyejua kwamba pazia zuri hushonwa kwa pande zote mbili, alitazama tumbo la ule ubao, misumari na nyaya tupu, akauliza, "Atakayelala huku chini ataona hivi?" Akaenda kwenye pazia la dirisha. Akalifumua lile pindo refu, akakata kitambaa chote cha ziada kilichosubiri humo ndani, akatafuta kingine cha kufanana, akaunganisha, akauvisha ubao chini yake wote. Manjano ya jua la asubuhi.

Mkunga mstaafu akaja kukagua. Alivua viatu, akauamuru ubao upandishwe mpaka juu. Kisha, bila kumsikiliza mtu, akajilaza chali katikati ya sakafu ya chumba kidogo, mikono kifuani.

"Mama, unafanya nini?"

"Kama ni kuanguka, kuanzie kwangu."

Akalala pale muda mrefu, akiitazama ile manjano. Hakuna aliyejua anawaza nini. Hatimaye akasema, "Hapa mtu anaweza kulala," akanyoosha mkono ainuliwe.

Walipobaki wawili, Fundi akaushusha ubao hadi usawa wa kiuno, akaendesha treni mizunguko michache na mkewe amemwegemea begani. Kisha akavuta kamba kwa kidole kimoja, na mji mzima ukapanda, daraja, stesheni na mlima wake, ukatulia darini. Chini yake sakafu ikabaki wazi, nyeupe, na kigoda chake.

Akazima swichi. Chumba kikawa na giza, isipokuwa juu kabisa, ukingoni, kwenye jengo la ghorofa nne, kidirisha kimoja cha manjano.

"Hiyo sasa nimeiwekea swichi yake," akasema Fundi, mkono ukielekea ukutani. "Nizime? Inakula umeme usiku kucha."

Bi Pazia akamshika mkono.

"Iache," akasema. "Mwenyewe akija asikute giza."